Hiti paipu haipoozi inveta, inahamisha joto: jibu kwa dada wa Ukerewe

Dada mmoja mwenye banda la kuhifadhia samaki mwaloni (pale boti zinapofikia) huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, kaniandikia, nafupisha kidogo: "Kaka injinia habari za saa hizi. Nina inveta ya sola ya kilowati 3 (ile mashine inayogeuza umeme wa betri na paneli kuwa umeme wa kawaida), ipo ukutani ndani ya banda la bati, inaendesha friza mbili za sato, friji la soda na taa. Kila siku kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana inalia alafu inazima, inaandika joto limezidi. Feni nimebadilisha mara tatu, wale wadudu wa ziwani wanajaa mpaka inakwama. Sasa kuna kijana anatengeneza simu na laptopu kanionyesha vibomba bapa vya shaba, anasema ndo vinavyopoza laptopu, tukivichomoa kwenye mashine mbovu tukavifunga kwenye inveta sitahitaji feni tena. Ni kweli au ananipiga?"

Nzuri dada yangu, pole na hiyo kero. Kijana hakupigi, ila kakupa nusu ya habari, na hiyo nusu aliyoiacha ndo itakayokula hela yako.

Vile vibomba vinaitwa hiti paipu, na ukivielewa vizuri utaona kumbe ni kitu unakijua tangu utoto. Unajua mtambo wa gongo, sio lazima uwe umenywa, kuuona tu inatosha. Pipa liko motoni, mvuke unapanda, unapita kwenye bomba, unafika sehemu ya baridi unageuka maji unadondoka. Sasa chukua huo mtambo wote uufinye uingie ndani ya kibomba cha shaba unene wa penseli, uzibe pande zote mbili, badala ya gongo weka maji kidogo sana, na hewa yote iliyokuwa ndani uinyonye itoke kabla hujaziba. Upande mmoja ukishikishwa kwenye kitu cha moto maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unaacha joto pale, unarudi kuwa maji, alafu maji yanarudi kwenye moto kuanza upya. Hakuna feni wala pampu wala umeme, inajiendesha yenyewe usiku na mchana.

Utauliza, maji si yanachemka kwenye nyuzi 100? Kwanza hata huku kwetu hayafiki 100, ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo sufuria ya chai Mwanza inachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hewa ikipungua, kuchemka kunakuja mapema. Ndani ya kile kibomba hewa imetolewa yote, umebaki mvuke wa maji peke yake, kwa hiyo hata kwenye nyuzi 35 au 40 maji yanageuka mvuke bila shida. Ndo maana kinafanya kazi kwenye joto la kawaida la vifaa vyetu, hakisubiri kitu kiungue kwanza.

Na maji yanarudije kama bomba limelala? Hapo inakuja kazi ya utambi. Ukuta wa ndani wa bomba umepakwa unga wa shaba uliochomwa mpaka ukashikana kama sponji, au una wavu mwembamba, au una mifereji midogo. Maji yanatambaa humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, kitu kilekile kabisa. Na kama kibatari, ukitaka moto mkubwa kuliko utambi unavyoweza kuvuta, utambi unakauka. Hiti paipu ikizidiwa wati zake upande wa moto unakauka, maji yote yanakuwa yamekimbilia ng'ambo, na joto linaruka ghafla. Hiyo ikumbuke, tutairudia.

Nguvu yake iko kwenye mvuke. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba karibu jouli 2,400, kwa hiyo bomba la milimita 6 linalobeba wati 40 linazungusha gramu moja tu kwa dakika. Gramu moja! Kijiko cha chai ni gramu 5. Ukipima jinsi linavyopitisha joto kulinganisha na shaba tupu ya saizi hiyohiyo unakuta linaipita mara nyingi sana, mara kumi au ishirini na zaidi, inategemea urefu na lilivyotengenezwa. Wazo lenyewe la zamani, Richard Gaugler wa kampuni ya General Motors alipewa hataza mwaka 1944 na halikutumika, mpaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos kule Marekani akalitengeneza upya, na wa kwanza kulichangamkia walikuwa watu wa vyombo vya anga. Huko juu hakuna hewa ya kupuliza feni.

Sasa ile nusu aliyoiacha kijana.

Hiti paipu HAIPOOZI kitu. Inahamisha joto kutoka A kwenda B, basi. Likifika B lazima kuwe na kitu cha kulimwaga hewani. Fikiria boti la abiria, umelifunga injini mpya kubwa linakuja mbio kutoka kisiwani, lakini likifika mwaloni kuna ubao mmoja wa kushukia na watu wanashuka mmoja mmoja na mizigo yao. Injini kubwa imesaidia nini? Foleni imehama tu kutoka ziwani kuja mwaloni. Kwenye laptopu bomba ni hilo boti, na pale mwisho kuna mapezi membamba ya shaba yamebanana, na FENI inayoyapuliza. Kijana kakuonyesha boti, hajakuonyesha mwalo. Laptopu yenyewe ina feni dada, muulize.

Tupige hesabu ya banda lako, namba ni za kukadiria ila hazipo mbali. Friza mbili na friji na taa tuseme zikiwaka pamoja ni wati 1,500. Inveta za aina hiyo mzigo huo zinafanya kazi kama asilimia 90, kwa hiyo kama wati 165 zinapotea kuwa joto. Ila saa saba mchana jua ndo limesimama, na inveta yako ya kisasa ina chaja ya sola humohumo ndani, nayo inasukuma tuseme wati 2,000 kwenye betri na mzigo, inapoteza 60 hivi. Jumla unakaribia wati 230 za joto, ndani ya kiboksi ukubwa wa begi la shule. Alafu saa hiyohiyo bati limepata moto, ndani ya banda ni nyuzi 42, friza nazo zinahangaika zaidi sababu ya joto hilohilo na zenyewe zinatema joto lao humohumo bandani. Kila kitu kinakuja kwa pamoja. Kwa hiyo inazima saa saba na sio saa nne, wala haina kichaa.

Bila feni, chuma kinamwaga joto kwenye hewa iliyotulia taratibu sana, kwenye mapezi unapata kama wati 7 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Tuseme inveta inazima pale hitisinki (kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi kinachopokea joto la vifaa vya ndani) ikifika nyuzi 80. Banda lina 42, tofauti ni 38. Gawanya 230 kwa 7 mara 38, unapata karibu mita ya mraba 0.86, yaani nusu ya mlango na zaidi, ya aluminiamu inayoguswa na hewa. Unaweza kuikunja iwe mapezi mapana yenye nafasi ya karibu sentimita moja katikati, yamesimama wima ili hewa ya moto ipande, sawa, lakini eneo lazima liwepo. Yale mapezi ya laptopu yana nafasi ya milimita moja hivi, bila feni hewa haipiti humo, ni kama kuziba tundu.

Sasa angalia hapa ndo pananifurahisha. Ukitoa hilo joto NJE ya banda, kivulini upande wa upepo wa ziwa, hewa ni nyuzi 29 tu, tofauti inakuwa 51 badala ya 38. Mapezi yaleyale yanamwaga theluthi moja zaidi ya joto bila kuongeza hata senti. Na hii ndo kazi halisi ya hiti paipu kwenye vifaa vya umeme mkubwa: kifaa kinabaki ndani ya boksi lililofungwa, hakuna vumbi, hakuna mdudu, hakuna unyevu wa ziwa, alafu vibomba vinatoboa ukuta wa boksi kupeleka joto kwenye mapezi yaliyo nje. Mapezi yakijaa wadudu unayasugua na brashi, hakuna mota ya kuungua. Treni za umeme za Japan zimekuwa zikifanya hivyo miaka mingi, transista kubwa (zile swichi za kielektroniki zinazotoa joto) zinakaa ndani, mapezi yako nje chini ya behewa yanapulizwa na mwendo wa treni yenyewe. Na lile bomba la mafuta la Alaska, nguzo zake zina vibomba vya namna hii zaidi ya 120,000 vyenye amonia ndani, vinatoa joto ardhini vinalimwaga kwenye baridi ili barafu ya chini isiyeyuke nguzo zikazama. Vile vimesimama wima, kioevu kinarudi chini kwa uzito wake tu.

Hiyo ya kusimama wima iandike ukutani. Upande wa moto CHINI, upande wa baridi JUU. Ukifanya hivyo uzito unasaidia utambi na bomba linabeba zaidi ya kiwango chake. Ukigeuza, utambi unabidi uvute maji kwenda juu, sentimita chache sawa, ukizidisha inakauka, na zile za mifereji ndo hazitaki kabisa. Mimi mwenyewe nilishafunga vibomba sita kichwa chini kwenye chaja ya mteja mmoja wa Nyakato, Mwanza, nimevilehemu vizuri vinang'aa, tumewasha, dakika nane tu chaja imezima, na mteja amesimama pale ananiangalia. Nikageuza boksi zima juu chini mbele yake bila kusema neno, ikakaa mchana kutwa. Mpaka leo anaitaja hiyo kila tukikutana.

Turudi kwenye vibomba vya laptopu. Vya kwenye laptopu vingi ni vya milimita 6 vilivyobonyezwa vikawa bapa, na bomba likibonyezwa mvuke unakosa njia, kile kilichokuwa kinabeba 30 au 40 kikiwa duara kinabaki na 20 hivi. Kwa wati zako utahitaji kumi na kitu, kila kimoja kimekunjwa kivyake kwa ajili ya laptopu yake, huwezi kuvinyoosha, ukikunja tena unavunja utambi ndani. Na usikubali mtu avikate! Kikikatwa hewa inaingia, maji yanatoka, umebaki na bomba jembamba la shaba ambalo ni baya kuliko fimbo ya shaba. Wala asikipige moto wa gesi kulehemu, maji yaliyofungwa yakifika nyuzi 250 yana presha ya karibu baa 40, tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo, kwa hiyo kinavimba au kinapasuka usoni mwake. Wanaovilehemu wanatumia risasi maalumu ya kulehemia inayoyeyuka kwenye nyuzi 138, au wanabana kwenye mfereji wa aluminiamu kwa skrubu na ile pesti nyeupe ya kupitisha joto.

Ukitaka kujua kibomba kizima au kimekufa: chemsha maji yapoe kidogo yafike kama 60, shika kibomba mwisho mmoja kwa vidole, chovya mwisho mwingine. Kizima kitakulazimisha kukiachia ndani ya sekunde chache. Kama bado unakishika unapiga stori, kimekufa, tupa. Kijiko cha chuma kifanye hivyohivyo ulinganishe, watoto watapenda.

Kuna jambo moja zito zaidi ya joto, na hapa namwambia na huyo kijana. Kwenye inveta nyingi za bei zetu, kile kibati cha mgongoni mwa transista kina umeme, na hitisinki yenyewe ya ndani inaweza kuwa na umeme, sio lazima iwe imetengwa. Ndani mule kuna kapasita (vifaa vinavyotunza umeme hata ukishazima) zenye volti kama 400, na waya za paneli zinaweza kuleta volti mia nne na zaidi jua likiwaka hata kama umezima swichi ya inveta. Ukitoa bomba la shaba kutoka kwenye hitisinki yenye umeme ukalipitisha ukutani nje, umeweka mtego. Mtoto anapita anashika pezi, au mtu katoka ziwani ana maji miguuni. Kwa hiyo kabla ya chochote: paneli zikatwe, betri ikatwe, usubiri dakika kumi alafu upime kapasita kwa mita, usiamini macho. Kati ya transista na chuma kuwe na pedi ya kutenga umeme, na mapezi ya nje yafungwe waya wa ardhi. Kijana wa laptopu anazoea volti 19, hii sio saizi yake, simdharau, nasema ukweli.

Watu watauliza, ziwa liko hapo, si mpitishe maji ya ziwa? Maji ni ya nyuzi 24 mpaka 27, kweli yanavutia, ila unarudi kwenye pampu, chujio, konokono na majani, umebadilisha kero ya feni kwa kero tatu. Hapana.

Kama ingekuwa mimi nakutengenezea, ningechukua vibomba vipya vya duara milimita 8, vya maji na utambi wa unga wa shaba, kila kimoja kinabeba kama wati 50 kikisimama wima. Sio wati zote 230 zinapita kwenye hitisinki, koili na transfoma zina mgao wao, tuseme 170 ndo za transista. Vinne vingetosha kwenye karatasi, mimi ningeweka sita, ili kimoja kikifa vingine visikauke kwa kuzidiwa, ile ya kibatari niliyokwambia uikumbuke. Ningevizika kwenye bamba nene la aluminiamu linaloshika hitisinki ya zamani, vinapanda, vinatoka nje kwenye mapezi ya aluminiamu chini ya kipande cha bati cha kuzuia jua na mvua. Maji na shaba vinaelewana miaka na miaka, aluminiamu ikae nje ya bomba tu, maana ukiweka maji ndani ya bomba la aluminiamu yanatoa gesi ya haidrojeni, gesi inajaa upande wa baridi na bomba linakufa polepole. Na zile koili zilizobaki ndani bado zitapasha boksi, kwa hiyo usizibe kila tundu siku ya kwanza, ziba huku unapima.

Lakini nikiwa mkweli dada, kwa banda lako nisingeanza na hii kitu. Ile faida ya nyuzi 13 niliyokupigia hesabu hapo juu, unaipata vilevile ukihamisha inveta nzima. Itoe kwenye hilo banda la friza, iweke kwenye kichumba cha tofali au hata kijiboksi cha mbao ukuta wa nje upande usiopigwa na jua la mchana, chini ya paa, iache angalau sentimita 30 juu na chini, alafu hewa ya kuingia ipite kwenye fremu kubwa ya chandarua (cha kulalia, sio cha kuvulia, tusije kuandikiwa faini), kubwa kweli, kama meta kwa meta, maana chandarua kidogo kikibanwa mdomoni mwa feni kinaziba siku mbili tu. Ile fremu unaifuta asubuhi na ufagio.

Na hiyo taa ya usiku iliyo karibu na inveta izime au ihamishe. Wale wadudu unawajua kuliko mimi, wanatoka ziwani kama moshi, hasa kipindi cha giza, na wanafuata mwanga. Umewawashia taa, alafu pembeni yake umewawekea feni inayovuta hewa. Ule uchafu mzito wa ndani ya feni, ule mchanganyiko wa wadudu na vumbi na mafuta ya samaki, ndo blanketi la inveta yako, hata feni ikizunguka hitisinki imevaa koti.

Hii ya joto usiidharau hata kama inveta ikiacha kuzima. Kapasita zile za kopo, kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 umri wake unaongezeka mara mbili. Ukishusha kutoka 80 kwenda 70 umeinunulia inveta miaka.

Kwa hiyo fanya hivi: taa ihame leo, feni na hitisinki zisafishwe na fundi umeme huku kila kitu kimekatwa, inveta itoke humo bandani. Nunua kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo ukining'inize sentimita 20 kutoka kwenye inveta, uandike namba saa nne, saa saba na saa tisa kwa siku tano. Kama baada ya hapo bado inazima, nitumie hizo namba na picha ya kibandiko cha pembeni chenye volti na wati, na upime kwa kamba urefu kutoka inveta ilipo mpaka nje ya ukuta, maana hapo sasa tutaongea hiti paipu na urefu ndo swali langu la kwanza.